Kupunguza krostoki kwenye laini za simu zinazobeba data ya kasi

Laini inayotulia alfajiri kisha ikayumba kila jioni, bila mvua kunyesha na bila mkwaruzo wowote kwenye sauti ya simu, aghalabu haijakatika popote. Majirani wamewasha modemu zao. Ndani ya kebo moja ya simu kuna jozi nyingi za shaba zilizobanana kwa mamia ya mita, na kila jozi inayopitisha data huivujishia jirani yake sehemu ndogo ya ishara. Uvujaji huo ndio krostoki. Kwenye simu ya sauti ungeusikia kama mazungumzo ya watu wengine kwa mbali. Kwenye data hausikiki, unakula kasi tu.

Maelezo haya yanawahusu fundi wa laini, msimamizi wa jengo lenye nyaya za simu, na mteja anayeweza kufungua kurasa za takwimu za modemu yake. Yanagusa zaidi ADSL2+ na VDSL2, njia mbili za kupitisha intaneti ya kasi kwenye nyaya za shaba za simu. Kelele ya jirani huwezi kuizima, kwa kuwa hiyo ndiyo huduma yake aliyoilipia. Unachoweza ni kuifanya jozi yako isiipokee, na karibu kazi yote hiyo iko kwenye viungio vya nyaya, si kwenye menyu ya ruta.

Jinsi ishara inavyovuja

Jozi iliyosokotwa vizuri huzisogeza nyaya zake mbili kwa zamu karibu na chanzo cha kelele. Kila waya hupata kiasi kilekile, na kwa kuwa modemu husoma tofauti ya volteji kati ya nyaya hizo mbili, kilichoingia sawa pande zote hujifuta. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa kebo huipa kila jozi hatua yake ya msokoto. Kama jozi mbili zingesokotwa kwa hatua moja, waya uleule wa huku ungetazamana na waya uleule wa kule urefu wote, na hakuna ambacho kingejifuta.

Mpango wote huo unategemea usawa. Waya mmoja ukiwa na ukinzani mkubwa kuliko mwenzake, au ukivujisha umeme ardhini kwa sababu ya unyevu, au ukiunganishwa na kipande cha ziada ambacho mwenzake hana, kelele iliyokuwa ikijifuta hugeuka kuwa kelele halisi mbele ya modemu.

Krostoki iko ya aina mbili. Ya karibu hutokea pale kipitishi cha jirani na kipokezi chako vinapokuwa upande mmoja wa kebo: jirani anapiga kelele sikioni mwako wakati wewe unajaribu kumsikiliza mtu aliye mbali. Hupanda kwa takriban dB (desibeli) 15 kila masafa yanapozidi mara kumi. ADSL na VDSL2 huikwepa kwa sehemu kubwa kwa kugawa masafa: kwenye ADSL inayopita juu ya simu ya kawaida, data ya kupanda (kutoka kwako kwenda kituoni) hutumia kHz 25 hadi 138, na ya kushuka (kuja kwako) huanzia hapo hadi kHz 1,104, au kHz 2,208 kwa ADSL2+. Anayepitisha na anayepokea hawagombani kwenye masafa yaleyale.

Inayobaki ni ya mbali: ishara ya jirani inasafiri kuelekea upande uleule wa yako na kuvuja njiani. Hii hupanda kwa dB 20 kila masafa yanapozidi mara kumi, na ukiilinganisha na ishara yako mwenyewe, huongezeka kwa dB 3 kila urefu wa kebo mnayoshiriki unapozidi mara mbili. Matokeo yake huwashangaza wengi. Laini ndefu ya ADSL, ya kilomita 4, haisumbuliwi sana na krostoki ya mbali, maana masafa ya juu yamekwisha kufa njiani pamoja na kelele yake. Laini fupi ya VDSL2, ya mita 300 na inayotumia masafa hadi MHz 17.664, ndiyo inayoumia, na ndiyo hasa mteja alikoahidiwa kasi kubwa.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Modemu huyagawa masafa kuwa toni zenye upana wa kHz 4.3125, na kila toni hubeba hadi biti 15, alama 4,000 kwa sekunde. Kelele ikipanda dB 3, kila toni hupoteza karibu biti moja, yaani kb/s 4. VDSL2 ya wasifu 17a (ile ya hadi MHz 17.664) yenye mpango wa 998 wa kugawa masafa ya kupanda na kushuka ina toni za kushuka zipatazo 2,900. Zikipoteza biti moja kila moja, umepoteza karibu Mb/s 12. Kwa ADSL2+, toni 400 zikipoteza kiasi hichohicho, imeondoka Mb/s 1.6.

Tena, majirani hawaumizi kwa kiasi sawa. Kielelezo kinachotumiwa na wahandisi huongeza krostoki kwa idadi ya majirani iliyopandishwa kwenye kipeo cha 0.6: kutoka jirani mmoja hadi kumi ni dB 6, kutoka mmoja hadi 49 ni dB 10 hivi. Wa kwanza ndiye anayeuma zaidi. Ndiyo sababu kurekebisha jozi moja tu iliyoharibika karibu yako kunaweza kukurudishia zaidi ya ulichotarajia.

Hakikisha kwanza kwamba ni krostoki

Makosa mengi huanzia hapa: fundi anabadilisha ruta, mteja ananunua kichujio kipya, na kelele inabaki palepale. Modemu nyingi za DSL hutoa majedwali matatu kwa kila toni. SNR ni tofauti kati ya ishara na kelele, Hlog ni jinsi laini inavyopunguza ishara, na QLN ni kelele iliyopo laini ikiwa kimya. Yachukue yote matatu, uyachore.

QLN ndiyo shahidi mkuu. Laini safi kabisa hukaribia dBm/Hz −140. Krostoki huinua sehemu pana ya mchoro kwa upole, kama kilima, si kama miiba. Umbo la kilima humtaja mwenye kosa. Kelele inayoshuka ghafla kama ngazi kwenye MHz 2.2 ni ya jirani wa ADSL2+. Kilima kipana chenye kilele karibu na MHz 1 huashiria mkondo wa zamani wa E1, laini ya kidijitali ya Mb/s 2, unaopita kebo hiyo. Kelele iliyojaa chini ya kHz 400 hivi kisha ikatoweka ni ya laini ya SHDSL, huduma yenye kasi sawa kupanda na kushuka, ya Mb/s 2. Miiba myembamba iliyotawanyika kati ya kHz 530 na 1,700 si krostoki kabisa: hivyo ni vituo vya redio vya AM, na dawa yake ni nyingine.

Usisahau kwamba QLN hupimwa wakati modemu inapojiunganisha tu. Ukiisoma saa 3 usiku kwenye modemu iliyojiunganisha saa 9 alfajiri, unasoma kelele ya alfajiri. Izime na kuiwasha upya jioni, kisha usome tena.

Hlog nayo ina habari yake. Mchoro unaoteremka taratibu ni laini ya kawaida. Mchoro wenye mabonde yanayojirudia kwa nafasi sawa ni tawi mfu, yaani kipande cha waya kilichounganishwa kando na kuachwa bila kitu mwishoni. Bonde la kwanza hukupa urefu wake: gawanya milioni 195 kwa mara nne ya masafa ya bonde kwa hezi, upate mita. Bonde kwenye MHz 4.9 ni tawi la mita 10. Kwenye kHz 975, ni mita 50. Tawi si krostoki, lakini hudhoofisha ishara na kuipa krostoki nafasi, na likiwa na waya mmoja uliokatika ndani yake, huvunja usawa pia.

Angalia na saa. Andika akiba ya SNR, yaani kiasi ambacho SNR inazidi kile laini inachohitaji, mara nne kwa siku, siku tatu mfululizo. Ikishuka kwa ngazi jioni na kupanda usiku wa manane, ni majirani. Ikishuka mvua inaponyesha na kuchukua siku mbili kupanda, kuna maji kwenye kiungio. Makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) yakija kwa mafungu huku akiba ikibaki palepale, ni kelele ya mshtuko kutoka kwenye mota au chaja. Kuongeza upishanishaji wa biti (kuzitawanya ili kelele fupi isiharibu nyingi kwa pamoja) au kuwasha G.INP (kutuma upya data iliyoharibika) husaidia kwenye mshtuko, lakini kwenye krostoki hakufanyi lolote, kwa sababu krostoki haipigi na kutulia. Iko muda wote.

Vipimo vya usawa

Kabla ya kushika waya: laini ya simu huwa na volti zipatazo 48 za mkondo mnyoofu, na simu inapoita hupanda hadi volti 90 hivi za mkondo geu. Kwa kawaida haiui, ila inatosha kukuangusha kutoka kwenye ngazi. Tenga jozi pande zote mbili: ondoa modemu, simu zote na vichujio, na uikate upande wa kituo au kabati (sanduku la mtaani la kampuni ya simu).

Anza na uhami. Pima kati ya waya A na B, A na ardhi, B na ardhi, kwa kipima uhami cha volti 100 hadi 250. Multimita ya betri ya volti 9 hudanganya, kwani kiungio chenye kutu laini hujifunga chini ya volteji ndogo na kuonekana kizima. Jozi nzuri husoma mamia ya megaohm. Chini ya megaohm 1 kuna tatizo la wazi. Zaidi ya namba yenyewe, linganisha A na B kwa ardhi: megaohm 200 upande mmoja na 4 upande wa pili ni hatari kwa data kuliko 20 pande zote mbili.

Kisha ukinzani. Shaba ya mm 0.5 hutoa takriban ohm 178 kwa kilomita kwa mzunguko wa kwenda na kurudi, na ya mm 0.4 takriban 278. Jumla ikilingana na urefu, usishangilie bado, kwani jumla haionyeshi ni waya gani umebeba mzigo. Tumia waya wa tatu ulio mzima, uite C. Unganisha zote tatu upande wa mbali, kisha pima A+B, A+C na B+C. Ukinzani wa A ni (A+B) kujumlisha (A+C), kutoa (B+C), gawanya kwa mbili. Mfano: 93.2, 90.2 na 93.0 hutoa A = ohm 45.2, na hivyo B = ohm 48.0. Tofauti ni ohm 2.8. Kwenye mzunguko wa ohm 93, hiyo ni kubwa mno. Nyaya mbili za shaba moja na urefu mmoja hazina sababu ya kutofautiana hata ohm moja. Mahali fulani B ina kiungio kilichooza, na hapo ndipo krostoki inapoingilia.

Mwisho, kapasitansi. Fungua upande wa mbali na upime A na B kwa ardhi. Ziwe sawa ndani ya asilimia chache. Ikiwa B iko chini kwa theluthi, waya B umekatika kwenye theluthi mbili za safari. Kisha pima A kwa B: kebo ya kawaida ya simu hutoa takriban nF 52 kwa kilomita, kwa hiyo mita 300 zikupe karibu nF 16. Namba hii ya mwisho ndiyo ufunguo wa kasoro ifuatayo.

Jozi iliyochanganywa

Hii ndiyo kasoro moja inayozaa krostoki kali kuliko zote, na ndiyo inayopita vipimo vingi bila kukamatwa. Fundi kwenye kiungio chenye giza anachukua waya mmoja wa jozi ya bluu na mmoja wa jozi ya chungwa na kuviita jozi moja. Umeme unapita. Ukinzani ni sahihi. Uhami ni kamili. Simu inaita na sauti ni safi. Ila nyaya mbili zinazobeba ishara hazikusokotwa pamoja tena: kila moja imesokotwa na mgeni, na wageni hao wawili wanaunda jozi ya pili iliyochanganywa vilevile. Ni kama kuwavalisha watu wawili jozi mbili za viatu, kila mmoja kiatu kimoja cha mwenzake.

Dalili ya kwanza ni kapasitansi ya A kwa B iliyo chini kuliko urefu unavyodai, huku A na B kwa ardhi zikiwa sawa na za kawaida. Nyaya ziko mbali zaidi, kwa hiyo hupungua. Dalili ya pili ni ya haraka: tuma toni ya kusikika kwenye jozi unayoishuku, kisha sikiliza kwenye kila jozi jirani kwa kipokezi cha toni kilichounganishwa moja kwa moja kwenye nyaya, si kwa kunusa hewani. Kwenye kebo nzima utasikia kimya au mnong'ono. Kwenye jozi iliyochanganyika naye, toni itakupigia wazi.

Kupata mahali kunahitaji kipima mwangwi chenye hali ya krostoki: kinapitisha mpigo kwenye jozi moja na kusikiliza kwenye ya pili. Mwangwi unaorudi unaanza pale mchanganyiko ulipoanza. Kwenye hali ya kawaida ya jozi moja, mchanganyiko hujionyesha kama kipandio kidogo cha mwinuko ambacho jicho lisilozoea hulipita.

Fundi wengi hutibu kosa hili kwa kosa. Anaona rangi zimevukana, anazivusha tena kwenye kiungio kinachofuata ili "zirudi." Mwisho wa kebo rangi zinalingana, na umbali wote kati ya viungio viwili umebaki umechanganyika milele, sasa bila alama yoyote ya nje. Rudi kwenye kiungio cha kwanza ulichokipata kwa kipima mwangwi na uirekebishe hapohapo. Ukikuta viungio viwili vyenye kosa, fungua vyote kabla ya kuunganisha chochote.

Kumbuka mpangilio wa rangi wa kebo ya jozi 25, maana jozi za kuchanganya mara nyingi ni zile zenye rangi zinazofanana chini ya tochi. Rangi kuu ni nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Rangi za pili ni bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu. Chungwa na nyekundu, bluu na zambarau ndizo zinazoleta ajali.

Viungio na miisho

Usifungue msokoto wa jozi zaidi ya unavyolazimika. Kwa kebo za Cat5e kiwango ni milimita 13 hadi kwenye kiungio, na hakuna sababu ya kutumia zaidi kwenye kebo ya simu. Kwenye kabati la zamani utakuta sentimita 30 za nyaya zilizonyooshwa na kupangwa kwa unadhifu kama nywele zilizochanwa. Unadhifu huo ni sumu. Kila jozi iachwe imesokotwa mpaka inapoingia kwenye jino la bodi ya kuunganishia nyaya, hata kama bodi itaonekana kama kiota.

Tumia viungio vyenye jeli vinavyokata ganda vyenyewe, na kila kiungio kitumike mara moja. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu hufanya kazi mwaka mmoja, halafu shaba inapata oksidi na waya mmoja unaanza kutofautiana na mwenzake. Kwenye bodi, gonga waya kwa kifaa chake, si kwa bisibisi. Bisibisi hupanua jino, na jino lililopanuka halirudi.

Ganda la alumini la kebo liunganishwe mfululizo kwenye kila kiungio na liwekwe ardhini. Lakini elewa linachofanya: linazuia kelele ya nje, yaani redio na nyaya za umeme. Halizuii krostoki, kwa kuwa mwenye kelele naye yuko ndani ya ganda hilohilo. Hali ni hiyo kwa pete za feraiti kwenye waya wa modemu. Husaidia dhidi ya kelele inayoingia sawa kwenye nyaya zote mbili, si dhidi ya ile ambayo tayari imekuwa tofauti kati yake.

Ndani ya nyumba au jengo

Mita 10 za mwisho huharibu kazi ya mita 500. Waya bapa wa simu unaotoka kwenye soketi hadi modemu hauna msokoto wowote. Ukiwa wa nusu mita hauna neno. Ukiwa wa mita 8 na kulala kando ya mwingine kama huo, ubadilishe kwa Cat5e, ukitumia jozi moja iliyosokotwa kwenye pini mbili za katikati.

Kisha punguza matawi. Modemu iwe kwenye soketi ya kwanza, mara tu baada ya mahali laini inapoingia. Weka splita (kichujio kinachotenga sauti na data) moja hapo, upande wa data uende kwa modemu peke yake, na upande wa sauti uende kwa soketi nyingine zote. Kwa njia hiyo matawi yote ya nyumba yanakaa nyuma ya kichujio, na data hayayaoni. Vichujio vidogo vya kila simu vinafanya kazi, lakini vinayaacha matawi yote wazi kwa masafa ya juu.

Kwenye nyumba za Uingereza kuna waya wa tatu wa kengele kwenye soketi, pini ya 3. Unaunganishwa na upande mmoja tu wa jozi kupitia kapasita, kwa hiyo unavunja usawa na kugeuka antena. Simu za kisasa haziuhitaji. Utoe.

Kwenye jengo la ghorofa, usipitishe VDSL2 ya wateja wawili kwenye Cat5e moja pamoja na mtandao wa Ethernet. Ethernet ina nguvu kuliko ishara ya VDSL2 iliyochoka njiani, na inatumia masafa yaleyale.

Nani alale karibu na nani

Mwenye mamlaka juu ya kebo nzima ana uwezo ambao fundi wa laini moja hana. Kebo kubwa imegawanywa mafungu ya jozi 10 au 25 yaliyofungwa uzi, na krostoki ndani ya fungu ni kubwa kuliko kati ya mafungu. Huduma zenye kelele, kama E1 ya zamani, ziwekwe kwenye fungu la peke yake, mbali na ADSL na VDSL2. Afadhali zaidi zihamishwe kwenye nyuzi za mwanga na jozi zake zizimwe. Mkondo mmoja wa E1 uliosahaulika kwenye fungu unaweza kuumiza laini kumi za ADSL kuliko wateja wapya ishirini. SHDSL hutumia masafa yaleyale kupanda na kushuka, kwa hiyo huleta krostoki ya karibu ambayo ADSL imejengwa kuikwepa.

Upande wa nguvu, kuongeza nguvu ya laini moja ili ishinde kelele ni kumwongezea jirani kelele. Naye akiongeza, mnarudi mlipokuwa, nyote mkipiga kelele zaidi. Fanya kinyume. Weka kikomo cha juu cha akiba ya SNR ili laini fupi yenye akiba ya dB 20 ishushe nguvu yake yenyewe. Mteja aliyelipia Mb/s 10 kwenye laini inayoweza 80 hana haja ya nguvu yote. Akiba ya dB 6 ni kawaida, na kwenye laini inayoyumba jioni, 9 hununua utulivu kwa kupoteza kasi kidogo. Washa SRA pande zote mbili, ili majirani wanapoingia laini iteremshe kasi taratibu badala ya kukatika.

Kwenye VDSL2 kuna kupunguza nguvu ya kupanda, ambayo inapaswa kuwa imewashwa daima. Bila hiyo, modemu iliyo mita 50 kutoka kabati huizamisha iliyo mita 600, kwa kuwa ishara yake inafika na nguvu yote kwenye kebo ileile. Na kama kabati linapitisha VDSL2 karibu na laini za ADSL zinazotoka kituoni mbali, nguvu ya kushuka kwenye masafa ya ADSL ishushwe ili zisifunikwe.

Vektoringi

Kiwango cha G.993.5, kilichotoka mwaka 2010, kinashughulikia krostoki ya mbali kwa hesabu. Kabati hupitisha mfululizo unaojulikana kwenye alama za ulinganifu, moja kila alama 257, na modemu za wateja hurudisha taarifa ya kosa walilopokea. Kabati hujifunza ni kiasi gani kila jozi inavuja kwa kila jozi nyingine, kisha hutangulia kupitisha kelele iliyogeuzwa, ili zikikutana njiani zifutane. Kwa data ya kupanda, hesabu hufanywa baada ya kupokea.

Faida ni kubwa hasa kwenye laini fupi, lakini masharti ni magumu. Laini zote za kebo ziwe chini ya kabati moja la hesabu moja. Jozi moja inayoendeshwa na kabati jingine haifutiki na hubaki kelele ya kudumu. Modemu ya zamani isiyojua vektoringi nayo huvuruga: iboreshewe programu angalau iweze kuishi na vektoringi bila kuidhuru, au irudishwe kwenye ADSL2+.

Na vektoringi haitibu kiungio kibovu. Kiungio chenye kutu hubadilika kwa joto na mtikisiko, kwa hiyo uvujaji ambao kabati lilijifunza saa moja iliyopita si huu wa sasa, na kufuta kunageuka kuongeza. Kwa sababu hiyohiyo, wafundishe wateja wasichomoe modemu kwenye soketi ya simu ikiwa imewaka. Kebo ya simu ikichomolewa ghafla, mwisho wa laini hubadilika kwa papo hapo, krostoki inabadilika kwa kila jirani, na majirani wanaona makosa mpaka kabati lijifunze upya. Wazime kwa kitufe cha umeme, modemu iage kwanza.

Baada ya kurekebisha

Soma tena QLN, Hlog na SNR, modemu ikiwa imeanzishwa upya saa ileile ya jioni uliyotumia kwa kipimo cha kwanza. Linganisha toni kwa toni. Kilima cha QLN kikishuka dB 6 kati ya MHz 1 na 8, umeondoa kasoro uliyoitafuta. Hlog ikibadilika na QLN ikabaki palepale, umetoa tawi mfu, na jozi iliyochanganywa bado iko mahali. Hesabu ya CRC iangaliwe kwa vipindi vya dakika 15 kwa saa 24 kamili, kwani jioni moja tulivu inaweza kuwa ni jirani aliyesafiri.